Pesa ya kutengeneza nyumba wakati wa kuuza: tuongee na mnunuzi namna gani

(Maneno ya kikundi cha nyumba na upatanisho, yaliyosomwa kwenye mkutano mkuu wa mutuali, Uvira)



Tulipewa dakika ishirini. Tutajaribu tusizipite, maana kuko wenye walitembea tangu Kavimvira na jua linapanda.

Katibu alituomba tuongee juu ya kuuza nyumba. Tuseme ukweli: sababu ya kuongea leo mnaijua wote. Kuko familia mbili humu ndani ambazo mwaka juzi zilikuwa zinakaa benchi moja, na leo mmoja akiona mwenzake ameingia, anasogeza kiti. Majina hatutaji. Ninyi wa hapa mnayajua, tunaomba muyaache, hata kule nje chini ya mwembe. Wote wawili walikubali kisa chao kielezwe kwa sharti hilo, na tunawashukuru, maana si kitu rahisi kukaa na kusikiliza aibu yako ikisomwa.

Mmoja aliuza nyumba, mwingine aliinunua. Wote walikimbia mwaka 1996, wote walikaa kambini upande wa Kigoma, wote walirudi na boti mpaka Baraka. Ndiyo maana jambo lile lilituumiza kuliko kesi nyingine. Mtu wa nje akikudanganya unamlaani, unalala. Mtu mliyepanga naye foleni ya unga, utamlaani namna gani?

Nyumba yenyewe iko upande wa Mulongwe. Vyumba vitatu na saloni, matofali mabichi juu ya msingi wa mawe, mabati juu. Usiku ule wa mwezi wa nne 2020, mto ulipotoka katika njia yake na kubeba nyumba za watu, hii ilibaki imesimama, lakini maji yaliingia na kulala ndani mpaka karibu na dirisha. Mwenyewe alitoa matope kwa koleo siku nne. Kiangazi kilipofika alipiga krepi ya simenti kuanzia chini mpaka usawa wa dirisha, na juu yake chokaa. Toka hapo ikawa ndiyo kazi yake ya kila mwaka: mvua inaangusha krepi, kiangazi anapiga nyingine.

Mwaka juzi akaamua kuuza. Mnunuzi alikuja mwezi wa saba. Ardhi imekauka, krepi ni mpya, chokaa imepigwa mara mbili, nyumba inang'aa kama kanisa siku ya Pasaka. Akazunguka mara moja, akaipenda. Walianzia dola 7,500, wakafika 7,000. Alilipa 6,000 mkono kwa mkono, 1,000 ikabaki ya kulipwa mwisho wa mwaka.

Mwezi wa kumi na moja mvua ikaja kweli kweli. Krepi ikavimba kama andazi, ikaanguka vipande vipande, na nyuma yake tofali lilikuwa laini, unaingiza kidole. Ukuta wa chumba cha watoto ukaanza kulala upande wa nje. Fundi wa mnunuzi akaandika devi ya dola 1,350. Mnunuzi akasema: ile 1,000 siitoi, na 350 unirudishie. Muuzaji akajibu neno ambalo kikundi chetu tumelisikia mara nyingi: "Si ulikuja ukaona kwa macho yako?"

Aliona chokaa. Ukuta hakuuona.

Tulikaa nao mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa kelele tu. Mara ya pili mzee wetu mmoja alimuuliza muuzaji polepole: "Kwa nini haukumwambia?" Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema: "Kama ningemuonyesha, angenipa 4,000."

Jibu hilo ndilo lilitufanya tuandike maneno haya. Yule ndugu si mwizi. Aliogopa. Hakujua ugonjwa wa nyumba yake una bei gani, na mtu asiyejua bei ya kasoro yake anaona mnunuzi ataishika hiyo kasoro na kula nayo nyumba nzima. Tena hakuwa amekosea sana. Wanunuzi wako vile. Wakiona ufa mmoja wanaanza kuongea kama vile nyumba imeanguka jana.

Baadaye tuliwauliza mafundi wawili wa mutuali: kama ukuta ule ungetengenezwa kiangazi kile kile, kabla haujaanza kuinama, ingekuwa pesa ngapi? Kutoa matofali ya chini kipande kwa kipande, kuweka ya kuchoma kwa simenti, na kuchimba mfereji maji ya mvua yapite mbali. Walisema kama dola 800. Sasa fanyeni hesabu pamoja nasi. Mwishowe, baada ya mapatano, muuzaji alibaki na 6,100. Angesema ukweli mwezi wa saba, hata mnunuzi angekata zote 800 kwenye ile 7,000, angebaki na 6,200. Tofauti ya pesa ni dola mia moja. Tofauti nyingine mnaiona hapa kwenye viti.

Mapatano yalikuwa hivi. Katika ile 1,350 ya fundi, tuliona 450 ilikuwa ya madirisha ya chuma na sakafu mpya, vitu ambavyo havikuharibiwa na maji wala havikufichwa na mtu. Hiyo mnunuzi aibebe mwenyewe. Ilibaki 900. Katika ile 1,000 ya mwisho wa mwaka, 700 ikaenda kwenye ukuta na 300 akapewa muuzaji. Na muuzaji akakubali kutoa 200 nyingine kidogo kidogo. Kuko waliosema tulimbana, kuko waliosema tulimhurumia. Tunasikia.

Wengi mnatuuliza: sheria inasema nini? Sheria ya mikataba tunayoitumia mpaka leo ni ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888, ya wakati wa Leopold, ya zamani kuliko mzee yeyote aliyekaa hapa. Inasema muuzaji hajibu kwa kasoro inayoonekana, ile ambayo mnunuzi mwenyewe angeweza kuijua. Anajibu kwa ile iliyojificha, kama inaharibu matumizi ya kitu kiasi kwamba mnunuzi angejua asingenunua, ama angetoa bei ndogo. Anajibu hata kama yeye mwenyewe hakujua, isipokuwa waliandikiana kwamba hatajibu. Na kama alijua akanyamaza, anaongeza na malipo ya hasara. Mnunuzi ndiye anachagua: arudishe nyumba achukue pesa yake, ama abaki nayo arudishiwe sehemu ya bei kadiri wajuzi watakavyopima. Kwa hiyo ndugu zetu, mkipiga chokaa juu ya ufa, hamjaufuta. Mmeutoa kwenye kundi la kasoro zinazoonekana mkauweka kwenye kundi la zile ambazo mtazijibu.

Nyumba zetu sisi waliorudi ziko na mambo yake, na wanunuzi wanayajua. Nyingi zilikaa miaka na watu wasio wenyewe, na mtu asiye mwenyewe hapandi juu kuangalia mbao. Nyingine tulizijenga haraka haraka tulipofika, kwa mbao ambazo hazijakauka, kwa sababu watoto walikuwa wanalala nje. Halafu ikaja Mulongwe 2020, halafu ziwa likapanda 2021, na tena 2024. Basi mnunuzi akisikia tu "ni nyumba ya mtu wa kambi", anafika akiwa tayari na orodha kichwani. Usipokuwa na orodha yako, utajibu ya kwake.

Orodha yako unaipata wapi? Kwa fundi, tena kabla ya komisioneri. Komisioneri tunamheshimu, naye anatafuta ugali, lakini yeye analipwa siku nyumba inapouzwa. Kwake dola 500 zikishuka si kitu, bora uuze leo. Atakwambia "mama, kubali, mwingine hatakuja." Fundi hana haraka hiyo.

Fundi akija, mwache aende kwanza mahali ambapo wewe hupendi aende. Apande juu achome mbao na msumari: kama msumari unaingia bila nguvu, mchwa wako ndani. Aangalie chini ya ukuta nje, pale matone ya bati yanarukia, maana tofali bichi linaliwa kuanzia hapo. Nyufa zisituogopeshe zote. Ule mwembamba kama unywele, unaozurura kwenye krepi tu, ni wa krepi. Ule unaoshuka kwa ngazi, ukifuata viungo vya matofali kutoka pembe ya dirisha mpaka chini, huo unatoka kwenye msingi. Tena mafundi wetu wako na njia ya kujua kama nyumba bado inatembea: wanabandika kipande chembamba cha plasta juu ya ufa, wanaandika tarehe, wanaondoka. Wiki sita baadaye kama plasta haijakatika, ufa ni wa zamani, umelala. Kama imekatika, nyumba inaendelea kushuka, na hapo bei ni nyingine kabisa. Kipande kile chenye tarehe ni ushahidi mzuri sana mbele ya mnunuzi. Tumeona mnunuzi mgumu akilegea mbele ya plasta ya senti chache.

Sasa tuwaeleze kesi iliyoenda vizuri, msiseme tuko na mabaya tu.

Mama mmoja mjane, kule Kasenga, alitaja 9,000. Mnunuzi ni kijana wa biashara ya mchele wa bonde la Ruzizi, kijana mwenye adabu lakini anajua hesabu. Akaleta devi ya fundi wake: dola 2,400. Mama alikuja kwetu na karatasi ile imekunjwa ndani ya kitenge, macho mekundu. Alikuwa karibu kukubali 6,600, kwa sababu karatasi ilikuwa na muhuri. Karatasi ikiwa na muhuri sisi watu wa kambi tunatetemeka, tumezoea.

Tulituma mafundi wawili, kila mmoja siku yake, wasionane. Mmoja aliandika 720, mwingine 810. Ndipo tukachukua zile karatasi tatu, tukakaa na mama jioni moja, tukasoma devi ya kijana mstari kwa mstari. Kila mstari tulijiuliza: hiki kimevunjika, ama kimezeeka tu, ama ni kitu ambacho kijana anakitamani? Kilichovunjika mama ataongea juu yake. Kilichozeeka atakigawana naye, kwa sababu hata bei aliyotaja ilikuwa ya nyumba ya miaka, si ya nyumba mpya. Kinachotamaniwa ni cha mwenye tamaa. Mtaona ni jambo dogo, lakini nusu na zaidi ya ile 2,400 ilikuwa tamaa.

Siku ya kuonana tulikuwa pale, lakini aliongea mama mwenyewe. Tulimwambia: sisi tutakuwa mashahidi, nyumba ni yako.

Kijana akaanza: "Mama, mabati yote yameoza. Ni mabati sitini."

"Mwanangu, ngazi ile pale. Panda uhesabu."

Alipanda kweli. Yaliyooza yalikuwa 11 kati ya 54. Hata hesabu ya mabati ya nyumba fundi wake alikuwa ameikosa.

"Sawa mama. Na plafoni?"

"Siku ulipokuja plafoni haikuwako. Bei niliyokutajia ni ya nyumba isiyo na plafoni. Ingekuwa nayo ningekutajia nyingine."

Kijana akacheka. Hapo tukajua mambo yatakwenda. Karo za sakafuni zikatoka, madirisha ya chuma yakatoka, rangi ikatoka. Kwenye ufa wa kona hakukuwa na ubishi, mama mwenyewe ndiye alimpeleka akamuonyesha, akasema fundi wangu anasema 310, wako anasema 500, tumuite wa tatu ama tuchukue ya wangu? Kijana akasema tuchukue ya wako. Ukuta wa choo 140. Mabati 11 pamoja na misumari na kazi 160. Sakafu ya saloni, iliyozeeka, 200, wakagawana. Jumla 710. Wakafanya 700, wakapeana mikono kwa 8,300.

Jambo moja katika mazungumzo yale lilitaka kutuponyoka. Katikati kijana alisema: "Lakini mama, nyumba ni ya zamani, tushuke kwanza 500 halafu ndiyo tuangalie devi." Hapo mzee wetu alikohoa. Huko ndiko kukatwa mara mbili kwa kasoro moja. Mnunuzi anashusha bei kwa sababu nyumba ni mbaya, unakubali, kesho anarudi na karatasi ya ubaya ule ule. Akisema tushuke, muulize: tunashuka kwa ajili ya nini? Akijibu, kiandikwe hicho alichojibu, ili kesho kisirudi.

Wengine mnauliza kwa nini mama hakutengeneza mwenyewe halafu akauza kwa 9,000 yake. Tulimkataza, na tutaeleza kwa nini, kwa sababu hapo ndipo kosa letu sisi kikundi linapoingia, na marafiki wanaotusaidia wako na haki ya kulisikia bila kupakwa chokaa.

Kabla ya kesi hizi mbili, memba mmoja alipata mnunuzi aliyemwambia: "Tengeneza paa kwanza na upige rangi, mimi nanunua. Shika avansi hii ya 500." Memba akaja kwetu. Sisi tukafurahi pamoja naye, tukamkopesha 600 kutoka sanduku la mutuali ili amalize kazi. Hatukumuuliza avansi ile imeandikwa wapi, wala itakuwaje mnunuzi akibadilisha mawazo. Wiki ya tano mnunuzi akapata nyumba nyingine, akataka avansi yake. Ilikuwa imeshakuwa mabati na misumari. Memba akakopa kwa shemeji yake ili amrudishie.

Hakuishia hapo. Mnunuzi wa pili alipokuja, alitoa bei ile ile ya mwanzo, kama vile paa halikuguswa. Tulishangaa. Tukaelewa baada ya mwezi: alibomoa paa lote, akapandisha kuta, akaweka mabati ya rangi. Yale mabati yetu mapya tuliyaona sokoni yakiuzwa kama ya mtumba. Katika ile 600, memba amerudisha 350. Inabaki 250, na mweka sanduku atawasomea katika ripoti yake. Pesa ile ilikuwa michango yetu na michango yenu marafiki, imechanganyika. Kosa si la memba. Ni letu, tuliokopesha bila kuuliza.

Basi toka hapo tunawaambia memba: ukitengeneza kabla ya kuuza, unalipia ladha ambayo si ya mnunuzi. Tena kazi ikiharibika baadaye ni wewe utaitwa, atasema simenti ulitia kidogo. Ukishusha bei, yeye atatengeneza anavyotaka, na fundi wake, na makosa ya fundi wake. Tunaacha mambo mawili tu: mahali panapoweza kumuangukia mtu, na mahali panapoingiza mvua ndani ambapo kungoja kutaharibu zaidi. Huko tengeneza, hata kama huuzi.

Na avansi ya "tengeneza kwanza"? Usiiguse mpaka iandikwe: ni ya kazi gani, na mnunuzi akiondoka nani anabeba kazi iliyoshafanywa. Mnunuzi mwenye nia hatakataa kuandika. Anayekataa, amekusaidia kumjua mapema.

Tufike kwenye karatasi, halafu tumalize. Wengi wetu karatasi ya kuuza tunaandika mistari mitano: fulani amemuuzia fulani, bei, tarehe, mashahidi, sahihi. Tunaomba muongeze mistari miwili. Ya mama wa Kasenga ilisema hivi: "Mnunuzi ameonyeshwa na ameona ufa wa kona ya nyuma, mabati 11 yaliyooza, ukuta wa choo na sakafu ya saloni. Bei ya dola 8,300 imeshapunguzwa dola 700 kwa ajili ya kasoro hizo, na hatadai tena juu yake." Mistari miwili. Kama yule ndugu yetu wa Mulongwe angekuwa nayo, tusingekaa mara tatu. Lakini msiitumie kama blanketi: inafunika kasoro zilizotajwa, haifuniki zile mlizozinyamazia. Kwa hiyo kadiri unavyotaja nyingi, ndivyo unavyolala vizuri. Tunajua inasikika kinyume. Fundi aliyepima naye aweke sahihi, na shahidi atoke kila upande, si wote wa upande mmoja.

Mke na mume wote waweke sahihi. Sheria ya familia inadai kibali cha wote wawili katika kuuza nyumba, na kesi za mume kuuza peke yake tuko nazo tatu sasa hivi mezani, hatutaki ya nne. Na mkumbuke kwamba kwa sheria ya ardhi ya 1973 udongo ni wa Serikali. Mnachouza ni nyumba na haki yenu juu ya parseli, na haki hiyo inasimama kwa sertifika, si kwa karatasi ya shefu wa kartie peke yake. Mnunuzi mjanja akishindwa kwenye ufa atakamata hapo, atasema karatasi haijakamilika, tushuke tena. Mambo ya sertifika ni marefu, tutayaleta mkutano ujao pamoja na mtu anayejua ofisi ile.

Yaliyoamuliwa na komite, ambayo tunayaleta mbele yenu muyakubali ama muyakatae leo: sanduku halitakopesha tena pesa ya kutengeneza nyumba inayouzwa. Badala yake litalipa mafundi wawili, dola kumi kila mmoja, wapime nyumba ya memba yeyote anayetaka kuuza, na pia ya memba anayetaka kununua, maana tumejifunza kwamba tuko pande zote mbili. Fundi aliyepima hatapewa kazi ya kutengeneza nyumba ile. Wao wenyewe walinung'unika kidogo juu ya hilo, tunawaelewa, lakini fundi anayejua kwamba kazi itakuwa yake, ufa unakua kwenye kalamu yake.

Kuhusu ile familia mbili. Katika zile 200 imebaki 80. Ukuta umeshasimamishwa, matofali ya kuchoma mpaka usawa wa goti, na mfereji unapita nyuma kuelekea barabarani. Mwezi uliopita, siku mafundi walipofungua msingi, muuzaji alipita kwenye avenyu ile, akasimama upande wa pili akiangalia. Mnunuzi akamtumia mtoto na kiti. Hawakuongea, lakini kiti alikikalia.

Kikundi chetu kinakutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa tatu ya asubuhi, hapa hapa. Mwenye devi alete devi. Asiye nayo alete ufunguo wa nyumba, tutaenda pamoja.